Daftari la Mwitanzige: safari ya kuhesabu mayai ya kichocho

Nimerudi Mwanza wiki mbili zilizopita, na haya nayaandika kutokana na daftari ambalo kurasa zake za mwisho zililowa maji ya ziwa, pamoja na picha mia mbili na ushee zilizomo kwenye simu. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na kwa miaka kumi na minne sasa kazi yangu imekuwa kupima vinyesi vya watu kwa hadubini na kuhesabu mayai ya minyoo yaliyomo. Timu ya watafiti wa Uganda iliniomba niwe msomaji wa pili wa slaidi katika utafiti mdogo wa kichocho cha tumbo kandokando ya Ziwa Albert, ambalo Wanyoro huliita Mwitanzige, yaani muuaji wa nzige. Kijiji tulichofanyia kazi sitakitaja, kwa kuwa ndivyo tulivyowaahidi wakazi wake; nitasema tu kwamba ni mwalo wa wavuvi kaskazini ya Butiaba. Idadi ya waliokutwa na ugonjwa nayo sitaiandika, kwa sababu uhakiki wa slaidi haujakamilika, na wenye haki ya kuisikia kwanza ni wao waliotupa vinyesi vyao.

Siku ya 1 na ya 2: Mwanza, Bukoba, Mutukula, Kampala

Safari ya Mwanza hadi Bukoba naifahamu kama njia ya kwenda shambani, hivyo sitaieleza. Nililala Bukoba, na saa 12 asubuhi nikapanda basi la Kampala kwa shilingi 45,000 za Tanzania. Mutukula tulifika mapema, lakini hapo ndipo nilipochelewa. Muhuri wa pasi ulichukua dakika kumi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano dakika mbili, na sanduku la hadubini saa mbili nzima. Afisa aliyelifungua alitaka kujua kama kifaa kile ni cha biashara, na barua yangu ya mwaliko haikuwa na namba ya kifaa. Basi lilianza kuunguruma. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na maandazi upande wa Uganda alimwendea kondakta, akamwambia kwamba mgeni yule amebeba vyombo vya kupimia wagonjwa na kwamba si uungwana kumwacha mpakani. Kondakta alizima injini. Nilipompa yule mama noti ya kumshukuru alichukua bei ya chai tu, akanirudishia chenji yote, akaniambia, "Nenda salama, mwanangu, wapime vizuri."

Kwa atakayesafiri na vifaa vya maabara: andika orodha yenye jina la kila kifaa, namba yake ya kiwandani na thamani yake, ipigwe muhuri na taasisi yako, utoe nakala tatu. Moja itabaki mpakani, moja utaombwa usipotarajia, na moja urudi nayo.

Kutoka Mutukula barabara ni nzuri hadi Masaka. Pale Kayabwe, penye mstari wa Ikweta, abiria waliteremka kupiga picha, nami nikapata muda wa kukagua kama lenzi hazijalegea. Kampala tuliingia jioni, na foleni ya kutoka viunga vya mji hadi kituo cha mabasi ilitula saa moja na nusu.

Siku ya 3: Kampala, siku ya makaratasi na gliserini

Utafiti wowote unaohusu watu nchini Uganda hupitia kwanza kamati ya maadili, kisha husajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na baada ya hapo kuna barua ya kwenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Wenzangu walikuwa wamemaliza yote hayo miezi kadhaa kabla; mimi nilihitaji tu jina langu liongezwe, na shughuli hiyo ikala asubuhi nzima.

Alasiri tuliandaa vifaa. Njia tuliyoitumia ni ile ya Kato-Katz, iliyoanzia Japani mwaka 1954 na kuboreshwa Brazil mwaka 1972, na ambayo bado ndiyo inayotumika zaidi vijijini kwa kuwa ni rahisi na haihitaji umeme. Vipande vya selofani hulowekwa kwa siku nzima au zaidi katika mchanganyiko wa gliserini, maji na rangi ya kijani ya malakiti. Gliserini ndiyo huung'arisha uchafu wa kinyesi hadi mwanga upenye, na rangi ile hupumzisha macho ya msomaji. Tulikata vipande mia sita kwa mkasi, tukavipanga katika kopo la plastiki, na vidole vyangu vilibaki na rangi ya kijani hadi siku ya sita.

Kiongozi wa timu, dada ambaye amefanya kazi hii tangu akiwa mwanafunzi, alinieleza kwamba Uganda ilizindua mpango wake wa taifa wa kugawa dawa za kichocho mwaka 2003, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kusini mwa Sahara kufanya hivyo kwa upana. Hivyo basi, watu tunaokwenda kuwapima si watu ambao dawa haijawahi kuwafikia. Wengi wamemeza prazikwanteli mara nyingi kuliko wanavyoweza kukumbuka. Kinachotafutwa ni kwa nini bado wanaugua, na kwa kasi gani wanaambukizwa upya.

Siku ya 4: Kampala hadi Butiaba

Vifaa vilitangulia kwa gari la timu, ambalo halikuwa na nafasi ya watu wote, nami nikachukua basi la Hoima kwa shilingi 30,000 za Uganda. Kilomita zipatazo 200 zilitarajiwa kuchukua saa nne. Mbele kidogo ya Kiboga tairi la nyuma lilipasuka, na la akiba likaonekana halina upepo. Tulikaa chini ya mwembe kwa saa mbili na robo. Kijana mwenye kibanda cha chapati alitutengenezea roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, nyanya na kabichi, kwa shilingi 3,000 kila moja, na mzee mwenye nyumba iliyokuwa jirani akatoa viti vyake vyote, hata kile cha sebuleni chenye kitambaa, ili wenye watoto wakae.

Kutoka Hoima hadi Biiso barabara sasa ni ya lami, iliyojengwa kwa ajili ya shughuli za mafuta, na mwendo ni mwepesi. Baada ya Biiso nchi inakatika ghafla. Unasimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yako ziwa limetandazwa mithili ya shuka la kijivu, na ng'ambo yake, siku ikiwa haina ukungu, milima ya Kongo inaonekana ya samawati. Joto nalo hubadilika kadiri unavyoteremka. Kule juu nilivaa sweta, huku chini shati liliniganda mgongoni.

Butiaba ilikuwa bandari ya meli enzi za ukoloni, kabla ya mafuriko ya miaka ya 1960 kuiharibu. Nilipata chumba chenye neti na ndoo ya maji kwa shilingi 40,000, na chakula cha usiku kilikuwa samaki aina ya ngege wa kukaanga kwa kalo, yaani ugali, ya muhogo, shilingi 12,000. Mwenye nyumba aliniuliza kwa Kiswahili safi kama nataka maji ya ziwa au ya bomba kwa kuoga, akaongeza kwamba ya bomba ni shilingi 1,000 zaidi. Nililipa. Kila atakayelala pwani ya ziwa hili ningemsihi alipe pia.

Siku ya 5: kikao chini ya mkwaju

Mwaloni kuna Waalur, Wagungu, Wanyoro na Wakongo waliovuka kutoka Ituri, na sokoni wote hukutana kwenye Kiswahili. Kwangu hilo lilikuwa faraja, ingawa Kiswahili cha pale kina ladha yake. Watoto walituita "musawo", jina analoitwa kila mganga Uganda, na wakubwa walitupa viti vya plastiki mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Kiongozi wetu alieleza utafiti polepole: nani atachaguliwa, atatoa nini, atapata nini, na kwamba kukataa hakutamnyima mtu dawa. Alipomaliza palikuwa kimya. Kisha mama mmoja mwenye umri kama wa dada yangu mkubwa alisimama, mtoto mgongoni na mwingine wa miaka kama minane mbele yake, akasema kwa Kiswahili cha Kongo:

"Bale ba mbele balibeba, balienda, hatukubaona tena."

Alikuwa na maana kwamba kundi fulani la watafiti lilipita miaka iliyopita, likachukua kinyesi na damu ya watoto wake, likaondoka, na hadi leo hakuna aliyemwambia walichokiona. Hakupaza sauti. Alitaka tu kujua kama na sisi tuko hivyo. Mwenyekiti alijaribu kumtuliza, lakini kiongozi wetu alimzuia kwa heshima, akamwambia, "Mwache, mzee, mama ana haki." Ndipo akaahidi mbele ya watu wote kwamba kila mtu angepewa majibu yake mkononi kabla hatujaondoka. Nilipiga hesabu kichwani: slaidi mbili kwa kila sampuli, sampuli za siku mbili, wasomaji watatu. Ilikuwa ni kuahidi usiku wa kutolala, na niliona ni ahadi sahihi.

Siku ya 6 na ya 7: vikopo, slaidi na kosa langu

Mhudumu wa afya wa kijiji, mvuvi wa zamani mwenye baiskeli isiyo na breki, aligawa vikopo jioni na kuvikusanya alfajiri. Kwa asiyejua, jambo gumu kuliko yote katika utafiti huu ni kumwomba mtu mzima akuletee haja kubwa yake katika kopo. Wengine waliviringisha kopo katika jani la mgomba, wengine katika kavera jeusi, yaani mfuko wa plastiki, na mzee mmoja alikificha ndani ya kofia yake akapita sokoni kana kwamba amebeba mayai ya kuku. Tulivipokea vyote kwa mikono miwili.

Maabara yetu ilikuwa darasa la shule lenye madirisha yasiyo na vioo. Kinyesi hupitishwa kwenye wavu mwembamba ili kuondoa nyuzi na makapi, kisha hujazwa katika tundu la kipande cha plastiki linalochukua miligramu 41.7. Ukikiinua kile kipande, kinabaki kidonge kidogo cha duara juu ya slaidi; unakifunika kwa selofani, unageuza slaidi na kuikandamiza taratibu juu ya kigae laini hadi kidonge kisambae sawasawa. Ukikandamiza kwa nguvu mno kinamwagika pembeni, na ukilegeza mkono kinabaki kinene, mayai yakajificha. Idadi ya mayai utakayoyahesabu huzidishwa kwa 24, nawe unapata idadi ya mayai katika gramu moja. Mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ni ya kati, na kuanzia 400 ni mazito.

Umeme haukuwepo, hivyo tulitumia hadubini yenye kioo badala ya taa. Kwa muda wote huo nilikuwa mtumwa wa jua: wingu likipita, slaidi inazimika; wingu likiondoka, naona tena. Mayai ya safura, minyoo mingine ya utumbo, lazima yasomwe ndani ya dakika 30 hadi 60, kwa kuwa gliserini huyayeyusha yasionekane, ilhali ya kichocho huweza kusubiri hadi kesho yake. Kwa hiyo nilisoma kila slaidi mara mbili, kwanza mbiombio kwa ajili ya safura, halafu kwa utulivu.

Yai la Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, halifanani na jingine lolote. Ni refu, la rangi ya asali, na ubavuni lina mwiba mmoja uliochongoka kama mwiba wa mchongoma. Likiwa bichi unaweza kuona kijidudu kilichomo kikitikisika. Katika slaidi moja ya siku ya sita nilihesabu mayai 58, nikaanza upya, nikapata 58. Zidisha kwa 24: mayai 1,392 katika kila gramu. Nilitazama namba, kisha daftari la usajili. Alikuwa yule mtoto wa miaka minane aliyesimama mbele ya mama yake kikaoni.

Niseme kwa nini namba hiyo ilinishtua ingawa nimezoea. Minyoo hii, dume na jike, huishi wamekumbatiana katika mishipa ya damu ya utumbo, na jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Mengi hayatoki na kinyesi. Hubebwa na damu hadi kwenye ini, yananasa, mwili unayazingira kwa makovu, na miaka ikipita njia za damu ndani ya ini huziba. Bandama huvimba, mishipa ya umio hujaa damu, na siku moja mtu anatapika damu na kufa kabla ya kufikishwa hospitali. Hapo mwaloni kila familia niliyozungumza nayo ilimjua aliyekufa hivyo. Baadhi yao walikuwa wakiamini kwamba alirogwa na jirani.

Siku ya saba nilifanya kosa. Nilikuwa nimeandika namba za vikopo kwa kalamu ya wino niliyoiamini, na wakati wa kufuta meza kwa spiriti, kimiminika kilitiririka juu ya vikopo na namba tano zikafutika. Msaidizi mmoja alipendekeza tukisie kwa mpangilio wa vikopo mezani, kwa kuwa tulikumbuka karibu vyote. Neno "karibu" ndilo lililonifanya nikatae. Tulivitupa vyote vitano, na jioni nilipanda nyuma ya baiskeli ya mhudumu tukapita nyumba tano kuomba radhi na kuacha vikopo vipya. Hakuna aliyenikasirikia. Bibi mmoja alisema, "Kosa ulilolisema mwenyewe limekwisha," akanipa ragoge, samaki wadogo wa ziwa hili, waliokaushwa niende nao.

Kwa wenzangu wa maabara: andikeni namba kwa penseli ya risasi juu ya plasta ya kitambaa, mara mbili, ubavuni na kwenye kifuniko. Spiriti haiifuti.

Siku ya 8: konokono

Minyoo ya kichocho hukulia kwanza ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aingiaye majini; ndiyo maana tuliwatafuta. Tulichukua boti ya mbao yenye injini, lita kumi za petroli, lita moja ikiwa zaidi ya shilingi 5,000, na makoti ya kuokolea maisha, ambayo nahodha aliyakodi kwa shilingi 2,000 kila moja. Mtaalamu wa konokono wa timu, kijana mpole asiyeongea sana, alivaa mabuti ya mpira yanayofika kifuani na glovu za hadi begani. Kwa muda wa nusu saa katika kila kituo alichota kwa wavu wa chuma wenye mpini mrefu. Kwenye matete ya ukingoni alipata Biomphalaria sudanica, bapa kama sarafu, na kwenye nyasi za majini, kina kikiongezeka, alipata Biomphalaria stanleyi. Hao wa pili ndio wanaolifanya ziwa hili liwe na hatari hata mbali na matope, pale ambapo wavuvi hudhani maji ni safi kwa kuwa yanang'aa.

Vituo viwili vya mwisho hatukuvifikia kwa sababu ya upepo.

Shuleni, kila konokono aliwekwa katika kijibakuli chake chenye maji safi na kuachwa mwangani. Serkaria, yaani viluwiluwi vinavyotoka kwa konokono, wa kichocho cha binadamu hupenda kutoka jua linapokaribia utosini, saa ileile ambayo watoto wanatoka shule kuoga na kina mama wanafua. Ilipofika saa 5 na nusu kijana aliniita. Chini ya lenzi, maji yaliyoonekana matupu kwa macho yalikuwa yamejaa vijinyuzi vyenye mkia uliogawanyika mara mbili, vikipanda na kushuka bila kupumzika. Wote waliotoka kwa konokono aliyeambukizwa na kijidudu kimoja huwa wa jinsia moja, na konokono mmoja huweza kuwatoa maelfu. Si kila serkaria mwenye mkia wa panda ni wa binadamu, kwani wapo wa ndege na wa ng'ombe. Kwa hiyo aliwanyonya kwa bomba jembamba na kuwahifadhi kwenye karatasi maalumu wakapimwe vinasaba Kampala.

Nilipokuwa nikimsaidia kumwaga bakuli, maji yalipenya chini ya glovu yangu. Nilivua, nikafuta mkono kwa kitambaa kikavu kwa nguvu, kisha kwa spiriti. Kwa msafiri aliyegusa maji ya ziwa: kujifuta upesi husaidia kidogo lakini hakukuhakikishii usalama, na kupima siku ya pili hakuna maana, kwa kuwa mayai huanza kuonekana baada ya wiki tano hadi saba. Subiri miezi miwili au mitatu, upime. Ukipata homa, kikohozi na vipele wiki chache baada ya kuoga ziwani, mwambie daktari kwamba ulioga ziwani, maana asipoambiwa atafikiria malaria peke yake.

Siku ya 9: majibu mkononi

Tulimaliza kusoma saa 9 usiku kwa taa za sola. Asubuhi kina mama wa kijiji walipika uji wa muhogo na sukari katika masufuria mawili, kwa kuwa dawa ikimezwa na chakula hufyonzwa vizuri zaidi na haisumbui sana tumbo. Prazikwanteli hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Vijijini, mahali pa mizani, hutumika fimbo ndefu yenye alama: mtoto anasimama, kichwa chake kinagusa alama, na alama inasema vidonge vingapi. Vidonge ni vikubwa na vichungu, na mwenye minyoo mingi huumwa tumbo baada ya saa moja au mbili. Tulieleza hilo kabla, si baada, kwa sababu aliyeumwa bila kuambiwa mwaka uliopita ndiye anayejificha mwaka huu.

Kila mtu aliitwa faragha, akapewa karatasi yenye namba yake, akaelezwa. Yule mama alikuja na mtoto. Kiongozi wetu alimwonyesha namba 1,392, kisha akamwomba mtoto aje kwenye hadubini. Nilimwekea slaidi yake mwenyewe. Alichungulia kwa muda mrefu, akasema ameona kitu chenye mwiba. Mama naye akachungulia. Alipoinua kichwa hakuuliza juu ya dawa. Aliuliza, "Kesho nitamtuma maji wapi?"

Bomba la kijiji lilikuwa limeharibika tangu mvua za mwaka uliopita. Dawa huwaua minyoo wakubwa, lakini wachanga waliopenya ngozi wiki chache zilizopita hawaguswi, na anayerudi majini leo huanza kuambukizwa leo. Mhudumu wa kijiji alimweleza jambo analoweza kulifanya kwa sasa: serkaria hawaishi zaidi ya siku mbili baada ya kutoka kwa konokono, kwa hiyo maji yaliyokaa siku mbili katika chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono ndani, yanaweza kuogewa. Ya kunywa yachemshwe. Mama akahesabu kwa vidole. Nyumba yake ina watu saba, hutumia madumu manne kwa siku, na ana madumu matatu. Ili maji yakae siku mbili angehitaji madumu kumi na mawili, na dumu moja la lita 20 sokoni ni shilingi 10,000. Sote tulinyamaza, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa sahihi. Kisha akasema ataanza na dumu moja la kuwaogeshea watoto, na akaniomba mkaa uliokuwa kando ya jiko la uji.

Jioni kiongozi wetu aliandika barua kwa ofisi ya maji ya wilaya kuhusu bomba, akaisoma kwa sauti mbele ya mwenyekiti, na wazee wakaitia sahihi.

Siku ya 10 hadi ya 12: Kampala na nyumbani

Nilirudi Kampala pamoja na vifaa, bila tairi kupasuka safari hii. Kila slaidi moja kati ya kumi ilitolewa bila kuchagua na kusomwa upya na mtu asiyejua namba ya kwanza. Slaidi ya yule mtoto ilikuwa miongoni mwazo; msomaji wa Kampala alipata mayai 61, nami nilikuwa nimepata 58, na tofauti hiyo imo ndani ya kiasi kinachokubalika. Mutukula, orodha mpya ya vifaa ilinivusha kwa dakika ishirini. Mama wa chai hakuwepo siku hiyo, nikamwachia binti yake ragoge wa yule bibi, nusu yao.

Kipimo cha kuona kama dawa imefanya kazi kilipangwa wiki ya sita, na mhudumu wa kijiji ndiye anayekumbusha kaya. Juzi alinitumia picha. Bomba bado halijatengenezwa. Mbele ya nyumba ya yule mama kuna madumu matano, na mawili kati yao, yaliyowekwa kivulini na kufunikwa, yana mstari wa mkaa ubavuni.